Naomba Nipunguziwe Uhuru wa Kuchagua Intaneti

Kwa Mkurugenzi Mkuu,
Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania,
Dar es Salaam.

YAH: MAOMBI YA KUPANGIWA KAMPUNI YA INTANETI



Mimi ni mkazi wa Goba, mwenye akili timamu na risiti zote za malipo. Naandika kuiomba ofisi yako iniondoe kwenye orodha ya watumiaji huru. Uhuru wa kuchagua kampuni ya intaneti umenielemea, nami naona busara kuurudisha kwa heshima kabla haujaniletea presha. Nipangiwe, kama wahitimu wa darasa la saba wanavyopangiwa shule. Jina langu litoke, niripoti, yaishe.

Si kwamba sina shukrani. Soko limechangamka. Ipo faiba, ipo 4G na 5G ya kuweka sebuleni, ipo ya antena inayofungwa juu ya bati. Kila bango lina familia inayocheka na namba kubwa ya kasi. Namba hiyo ndiyo elimu yote ninayopewa kabla ya kusaini mkataba. Mengine najifunza baada ya kulipa.

Somo la kwanza lilikuwa jiografia. Mimi nilichagua faiba, lakini faiba haikunichagua mimi. Nguzo ya mwisho ilisimama nyumba chache kabla ya kwangu, na kijana wa mauzo akaniambia, "Tuko kwenye mchakato, bosi." Mchakato huo ulikula muda mrefu kuliko ujenzi wa nyumba yenyewe. Wakati nangoja niliweka ya 4G, nikagundua kwamba kasi yangu inategemea mnara uko wapi, kilima kiko wapi, na wangapi wameukimbilia mnara huohuo jioni hiyo. Bango halikutaja kilima.

Faiba ilipofika, sikubaki nyuma. Kampuni iliyonifungia siitaji, maana sikuja kumsema mtu. Niliuziwa Mbps 50. Asubuhi zinakuja zote, watoto wakiwa shuleni nami nikiwa kazini, hakuna wa kuzitumia. Saa mbili usiku, kila nyumba ikiwa na watu, video ya somo la mwanangu inaganda mwalimu akiwa mdomo wazi. Fundi ndiye aliyenifungua macho. Faiba ya kawaida ya majumbani, ile ya teknolojia ya GPON, hushusha takriban Gbps 2.5 kwenye mlango mmoja wa mtambo, kisha mwanga huo hugawanywa kwa nyumba 32, pengine 64. Tukiwa 64 na wote tukahitaji kwa wakati mmoja, kila mmoja anabaki na Mbps 39 hivi, na hapo bado hatujagawana njia ya kampuni ya kutokea nje. Kugawana si dhambi. Ndiko kunakoshusha bei. Ninachouliza ni tuko wangapi, na hilo linatunzwa kama siri ya jeshi.

Kwenye kiboksi cheupe walichonifungia ukutani kuna vitaa, kimoja kimeandikwa LOS. Kikiwaka chekundu, maana yake mwanga haufiki: waya umekatika au umekunjika mahali. Siku moja kikawaka. Nikapiga simu, na dada wa huduma kwa wateja, kwa upole wa kupigiwa mfano, akanielekeza nizime kifaa, nisubiri kidogo, niwashe tena. Nikazima, nikawasha. Waya uliokatwa na lori la mchanga na kulala pale barabarani haukujiunga. Mafundi walichelewa. Bili ya mwezi ule haikuchelewa hata kwa saa moja, wala haikupungua hata senti.

Nacho kifurushi kisicho na kikomo nimekisoma mpaka mwisho. Kikomo kipo, kimekaa kwenye vigezo na masharti, kwa herufi ndogo, chini ya jina zuri la matumizi ya haki. Ukivuka GB kadhaa, kasi inashushwa. Husimamishwi, unaendelea kutumia bila kikomo, ila taratibu.

Nikasema basi nitazame juu. Setilaiti za zamani hukaa karibu kilomita 36,000 kutoka duniani, kwa hiyo ukiuliza kitu, jibu linachukua zaidi ya nusu sekunde kwenda na kurudi. Hizi mpya za Starlink huzunguka kwenye kilomita 550 hivi, na majirani zetu wa Kenya wanauziwa huduma yake tangu 2023. Nilianza kuota, mpaka Novemba 2024, kampuni hiyo iliposimamisha kupokea wateja wapya Nairobi kwa kuwa nafasi zimejaa. Kumbe hata angani kuna foleni.

Mwerevu mmoja akanishauri nilipie kampuni mbili, moja ikizima nyingine iniokoe. Ushauri mzuri, ila tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika upande wa Afrika Kusini, na intaneti ikadorora katika nchi kadhaa za ukanda huu, yetu ikiwamo. Unaweza kulipa bili mbili kwa kampuni za rangi mbili, kumbe baharini zinapita njia moja. Kwenye mkataba upi mteja anaelezwa hilo?

Ndugu Mkurugenzi Mkuu, wapo wanaowadekeza wateja. Uingereza, tangu Mei 2018, kasi inayotangazwa lazima iwe ile wanayoipata angalau nusu ya wateja kati ya saa mbili na saa nne usiku. Kabla ya hapo ilitosha asilimia 10 tu waipate. Na tangu Aprili 2019, wateja wa kampuni zilizojiunga na mpango wa fidia wa huko hulipwa bila kuomba, huduma ikikatika na isirudi baada ya siku mbili kamili za kazi; walianza na pauni 8 kwa siku. Marekani, tangu Aprili 2024, kampuni kubwa zinabandika lebo inayoonyesha bei, kasi ya kawaida, ucheleweshaji na kiasi cha data. Sisi hatutaki kudeka hivyo. Sisi ni watu wazima, tunanunua kwa imani.

Lakini kama kanuni haziruhusu nipangiwe kampuni, naomba basi niruhusiwe kuchagua huku naona. Kila tangazo na kila mkataba vibebe mambo manne: kasi ya saa mbili usiku, ya kupakua na ya kupakia; GB ambazo nikizivuka nitapunguziwa kasi, na nitabakiwa na kasi gani; saa za juu kabisa za kutengeneza hitilafu; na fidia nitakayopewa saa hizo zikipita. Si mambo makubwa. Mwaka 2021 mlitoa kanuni za vifurushi, ikiwamo ya kumwezesha mteja kumhamishia mwingine salio la kifurushi chake. Waliogusa vifurushi vya simu hawawezi kushindwa na karatasi moja ya faiba. Na kila robo mwaka mnapotutangazia takwimu, tunaona laini zetu zinavyohesabiwa kwa uangalifu. Mkituhesabu, basi hesabuni na saa tunazokaa bila huduma tuliyoilipia.



Wako katika ujenzi wa taifa,
Mtumiaji Huru, Goba.

Nakala kwa: Jirani anayetaka kuunganishiwa. Usimwulize muuzaji. Mtafute mtu wa mtaani kwako anayeitumia kampuni hiyo, nenda kwake saa mbili usiku, pima kasi kwa simu yako, kisha muulize mara ya mwisho ilipokatika walikuja baada ya siku ngapi. Majibu hayo mawili ndiyo mkataba wako halisi.