Sifa za Dirisha Jeusi

Kwenye ngoma ya nyatiti kuna desturi ya Wajaluo iitwayo pakruok. Msikilizaji anainuka, anatupa sarafu, mpigaji anazinyamazisha nyuzi zake nane, na aliyelipa anajisifu mpaka pumzi zimwishie: yeye ni mwana wa nani, ng'ombe wa babake walijaza bonde lipi, mpenzi wake hutembeaje. Nimesikia Kisumu wakisifiwa wachezaji, wanasiasa, samaki na hata madeni. Sijamsikia mtu akiinuka kuisifu kazi ya kuweka kompaila kwenye kompyuta yake. Huo ni utovu wa shukrani. Lucian alimsifu nzi, Erasmus akausifu upumbavu mwaka 1511, na wote wawili bado wanasomwa. Sarafu yangu hii hapa.

Kompaila, kwa wasomaji ambao bado wana amani nyumbani, ni programu inayochukua maandishi ya mtu kwa lugha kama C na kuyageuza kuwa amri ambazo mashine inaweza kuzitekeleza. Haina picha wala vitufe. Unafungua dirisha jeusi, unaandika jina lake na jina la faili lako, unabonyeza, unangoja. Ikiwa imewekwa sawasawa na faili lako halina kosa, haisemi neno: faili jipya linatokea kwenye folda, nawe unabaki kujiuliza kama kuna lililotendeka. Raha yake yote basi imewekwa kabla ya hapo.

Njoo Kibuye Jumapili, soko limefurika hadi kando ya barabara ya Jomo Kenyatta, mitumba huku, vitanda na masufuria kule, harufu ya omena juu ya vyote. Katika kibanda cha fundi wa simu na kompyuta utamkuta mwanafunzi wa chuo amekalia kreti la soda, laptopu mapajani. Amekuja kwa sababu kibanda kina stima na fundi ana subira. Laptopu yenyewe ni mtumba kama shati lake. Imetoka katika ofisi fulani ya Uingereza na mpaka leo haijasahau ilikaa kwenye meza gani, kwa maana folda ya mwenye mashine inaitwa Reception 2. Katika ile nafasi tupu kati ya neno na tarakimu ndipo uungwana wa kompaila unapoanza kuonekana. Vifurushi vya zamani vya MinGW, vinavyoileta kompaila kwenye Windows, havipendi njia yenye nafasi ndani yake. Ukiviweka humo, amri inaweza kukatikia palepale, na mashine ikaenda kutafuta folda iitwayo Reception, ambayo haipo. Kijana huyu hajawahi kukanyaga Uingereza, lakini amekwisha kukosana na watu wa mapokezi.

Anahamisha kila kitu, anaanza upya, anaandika gcc, ndilo jina la kompaila yake. Windows inamjibu kwamba gcc haitambuliki kuwa amri ya ndani wala ya nje, wala programu inayoweza kuendeshwa, wala faili la bechi. Nani mwingine anakataa kwa ukamilifu huo? Askari wa benki atakuzuia mlangoni, basi. Huyu anakukana ndani, anakukana nje, kisha anakutajia na vitu vingine ambavyo wewe si kimojawapo, ili usije ukarudi kesho na ombi jipya.

Na gcc ipo! Imetulia ndani ya C:\MinGW\bin, buheri wa afya. Tatizo ni kwamba ukitaja jina la programu, Windows haipekui diski nzima. Inatazama folda uliyomo, kisha zile zilizoandikwa kwenye orodha iitwayo Path, moja baada ya nyingine kwa mpangilio, na zikiisha inatangaza kwamba kitu hicho hakipo. Mtu aliyetumwa Kibuye na karatasi ya vibanda vitano, akakatazwa kutazama cha sita, atarudi nyumbani akiapa kwamba Kisumu nzima haina samaki.

Hii Path inastahili wimbo wake peke yake. Katika Windows 7, ambayo bado utaikuta kwenye mashine nyingi za mtumba, orodha nzima ilikuwa mstari mmoja ndani ya kisanduku chembamba, folda zimetenganishwa kwa nukta mkato, na ukikifungua kisanduku maandishi yote yamekwisha kuteuliwa, tayari kufutwa. Kidole kimoja kwenye kibodi, na orodha imetoweka. Ukibonyeza kukubali, kesho yake hata amri ambazo hukujua kama unazo zitakuwa hazitambuliki, ndani wala nje. Windows 10 ilileta kisanduku chenye safu, folda moja kila mstari, na nadhani wahenga walilia. Bado wanaopenda mambo ya kale wana amri ya setx, ambayo ikikuta Path ndefu kuliko herufi 1024 inaikata hapo na kuitunza iliyobaki kwa uaminifu mkubwa.

Hata ukiipata sawasawa, kuna adabu ya mwisho.

"Fundi, bado inasema haijui gcc."

"Ulifunga hilo dirisha ukafungua lingine, omera?"

"La."

"Sasa ulitaka ikujulie wapi?"

Dirisha lililokuwa wazi kabla ya marekebisho linaendelea kushika orodha ya zamani. Halisomi habari mpya. Sharti life, lizaliwe jingine.

Wapo wanaodhani haya ni matatizo ya sisi tulio mbali, ya mashine kuukuu na vyuo visivyo na bajeti. Wasome historia. Kompaila ya kwanza ya lugha ya FORTRAN kutoka mikononi mwa IBM ilifika Aprili 1957 katika maabara ya nyuklia ya Westinghouse-Bettis, karibu na Pittsburgh, ikiwa boksi la kadi zilizotobolewa, bila kitabu cha maelekezo. Wahandisi wa pale, Herbert Bright akiwamo, walibahatisha tu kwamba hizo ndizo kadi walizokuwa wakizingoja. Wakailisha kadi hizo mashine yao ya IBM 704, wakaipa programu ya kwanza, na jibu la kwanza walilopewa lilikuwa kosa: baada ya mabano ya kufunga hapakuwa na mkato. Kwa hiyo yule kijana wa kwenye kreti la soda, anapotukanwa kwa sababu ya nukta mkato, anapokea urithi wa zaidi ya miaka sitini, haujapunguzwa hata thumni. Wakati mwingine katika maisha yake ni lini atatendewa sawa kabisa na mhandisi wa nyuklia wa Marekani?

Tazama pia ukarimu wake kwa uchumi wa mtaa. Kisakinishi cha siku hizi ni kifaili kidogo kinachopakuliwa kabla hujakohoa. Ukikifungua ndipo kinapokuambia kwamba chenyewe ni mjumbe tu, mzigo uko ng'ambo, na kinaanza kuuvuta. Bando linakwisha katikati. Kijana anakwenda kwa wakala wa M-Pesa, ananunua lingine, anarudi, na kisakinishi, kisichoweka kinyongo wala kumbukumbu, kinaanza tena mwanzo. Stima inapotea. Betri iliyochoka haimalizi hata kuaga. Hapo muuza chai anauza chai, jirani mwenye jenereta anauza chaji, na fundi, ambaye ana nakala ya kifurushi kizima kwenye flashi yake na angeweza kuitoa asubuhi, anaitoa jioni kwa bei ya jioni. Vitu vya mbali vimezoea kutufikia kupitia Mombasa. Reli iliyoanza kujengwa huko mwaka 1896 ilifika Port Florence, ndiyo Kisumu ya leo, mwaka 1901, na nyaya za intaneti za baharini zilitua pwani mwaka 2009. Waandishi wa visakinishi nadhani walizisikia habari hizo wakahitimisha kwamba Kibuye sasa ina intaneti isiyokatika, stima isiyopotea na diski isiyojaa. Ni imani nzuri. Sisi wenyewe hatujawahi kujiamini hivyo.

Wahadhiri nao wasisahauliwe katika sifa hizi, maana bila wao starehe ingekwisha wiki ya kwanza ya muhula. Madaftari yanayorithishwa katika vyuo vyetu vingi yaliandikwa kwa ajili ya Turbo C ya Borland, programu iliyoanza kuuzwa mwaka 1987. Ni programu ya biti 16, na Windows ya biti 64 haikubali kabisa kuiendesha. Basi mwanafunzi anaweka kwanza DOSBox, programu inayoigiza kompyuta ya zamani, kisha ndani ya kompyuta hiyo ya maigizo anafungua uwanja wa buluu wa Turbo C na kuandika kwa kizazi cha babake. Jirani yake mwenye haraka anatumia gcc na daftari lilelile. Mstari wa clrscr, ambao kwa Turbo C ulikuwa wa kusafisha kioo tu, unamletea ujumbe kwamba kitu hicho hakifahamiki popote. Anamwonyesha mhadhiri. Mhadhiri anasema kwenye mashine yake inafanya kazi, na anasema kweli.

Lazima niwataje wazushi pia, japo kwa uchungu. Kuna vijana wanaotumia Linux ya Ubuntu, ambao huandika amri moja, sudo apt install build-essential, wanatia nenosiri, na gcc na nduguze wote wanaingia kwa mkupuo mmoja, Path ikiwa imetengenezwa tangu wazaliwe. Kuna wengine wasio na laptopu kabisa, wana simu ya Android yenye kioo kilichopasuka. Wanaweka Termux, wanaandika pkg install clang, na kwenye matatu ya kwenda Kondele tayari wanaandika C kwa vidole gumba. Hawa hawamjui fundi, hawajui kreti la soda, hawana hadithi ya kuwasimulia watoto. Waulize Path ni nini, watakutazama kama vile umeuliza habari za telegramu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Hawa wamekikuta mezani. Nawaonea huruma, na nimeona kwamba wanamaliza kazi zao za darasa mapema isiyo ya kawaida.

Kwa heshima ya gcc yenyewe niongeze jambo moja. Richard Stallman aliitoa kwa umma mwaka 1987, na mpaka leo anayeijenga kutoka mwanzo kwa desturi huijenga mara tatu. Kompaila ya zamani inaitengeneza mpya, mpya inajitengeneza upya, ile iliyopatikana inajitengeneza tena, kisha matokeo ya mara ya pili na ya tatu yanalinganishwa yasije yakatofautiana. Kitu kinachojitilia shaka chenyewe kiasi hicho kina haki ya kukutilia shaka na wewe.

Kijana wa Kibuye amefaulu saa ya kufunga vibanda. Programu yake imeandika mstari mmoja wa salamu kwa dunia, akaubadilisha uwasalimu watu wa Manyatta, akaacha dirisha la kwanza wazi, na gcc ikamkatalia ruhusa ya kuandika faili ambalo bado lilikuwa linaendeshwa. Akalifunga, akajaribu tena, na antivairasi ikalimeza faili jipya kwa kulishuku. Fundi akalirudisha kwa shilingi hamsini. Muhula ujao wana Java, na nimeshamwambia ajiandae: pamoja na Path kutakuwa na JAVA_HOME, mmoja anataka aonyeshwe folda ya bin, mwingine anataka folda iliyo juu yake, na ukiwabadilishia, kila mmoja atakuambia mwenzake ndiye mwenye kosa.