Bazoka ya Mwaka 1987

Jino langu la nyuma, upande wa kushoto, lilimeguka Jumamosi asubuhi. Daktari wa meno aliponiuliza nilikuwa natafuna nini nikamwambia ubani. Akaandika. Akauliza ubani gani. Nikamjibu, wa mwaka 1987. Akaacha kuandika, akanitazama kama mtu anayewaza amwite nani aje kushuhudia.

Naomba nianzie mbali kidogo, maana sikuzaliwa hivi. Mimi ni mtu wa Tanga. Huu ni mwaka wa tisa naishi Cincinnati, jimbo la Ohio, mji wenye wazimu wa besiboli, na kwa kweli wana haki nao, kwani timu ya kwanza ya besiboli iliyowalipa wachezaji wake wote waziwazi ilikuwa ya hapa, mwaka 1869. Mchezo wenyewe umenishinda. Kila nikitazama naona wanaume waliovaa kama wametoka kulala, wanatema mate na kungojana. Lakini kazini, usipojua besiboli, unakula chakula chako cha mchana peke yako kama mgonjwa wa surua.

Aliyenipotosha ni jirani yangu, mzee wa Kimarekani aliyevuka miaka themanini. Jioni moja barazani kwake alinisimulia habari za kadi. Zamani kampuni za tumbaku zilitia kadi zenye picha za wachezaji ndani ya pakiti za sigara. Baadaye wenye ubani wakauchukua mtindo huo. Mwaka 1952 kampuni ya Topps ya Brooklyn ilitoa kadi 407, na ile namba 311 ni ya kijana aitwaye Mickey Mantle. Kadi moja ya namba hiyo iliuzwa mwaka 2022 kwa dola milioni 12.6.

“Mimi nilikuwa nayo,” mzee akasema.

“Iko wapi?”

“Niliibana kwenye spoku za baiskeli ili ilie kama pikipiki.”

Tukanyamaza wote wawili. Kuna misiba ambayo hata pole haiifai.

Akaniambia na jingine. Mtu aliyezibuni kadi hizo, Sy Berger, alisimulia kwamba fungu la mwisho la mwaka ule, lenye Mantle ndani yake, lilitoka msimu ukiwa ukingoni na watoto wameshahamia mchezo mwingine. Makasha yakalala ghalani miaka kadhaa, hata mwaka 1960 akayapakia kwenye tishari la taka na kuyamwaga baharini. Mimi nimekulia ufukweni. Nimeona bahari ikimeza ngalawa, nyavu na ahadi za wanasiasa, lakini usiku ule sikupata usingizi kwa kuwaza wale samaki.

Asubuhi yake nikaenda duka la kadi. Nikauliza, kwa sauti ya mtu asiyetaka kujulikana ana shida, kama wana pakiti za zamani ambazo hazijafunguliwa. Muuzaji akainama chini ya meza akaibuka na boksi zima la Topps la mwaka 1987: pakiti 36, kila pakiti kadi 17 na kipande cha ubani. Bei, dola 35. Nikalipa haraka kabla hajazinduka. Njiani nilimwonea huruma, nikajiambia yule bwana hajui anachokiuza.

Alikijua sana. Nilichokuwa sijui mimi ni kwamba kufikia miaka ya themanini Wamarekani wote walikuwa wameshasikia habari za kadi ghali za utoto wao, wakaapa hawatarudia kosa. Wakanunua maboksi kwa maboksi, wakayaficha darini, wakisema haya ndiyo ada ya chuo ya watoto. Kampuni nazo zikachapa usiku na mchana. Kadi za mwaka 1952 ni ghali kwa sababu zilitupwa. Za mwaka 1987 hazikutupwa na mtu yeyote. Pakiti iliuzwa senti 40 wakati ule, kwa hiyo boksi lilikuwa dola 14 na senti 40. Karibu miaka arobaini baadaye nimelinunua kwa dola 35. Nyanya zimepanda kuliko hivyo.

Lakini nimekwisha kulinunua, na pakiti iliyofungwa ina maneno yake. Karatasi yake imepakwa nta, ukiishika inateleza kidogo, na ukiipeleka puani unasikia harufu ya sukari ya zamani. Harufu ile ndiyo iliyoniponza. Kwetu, tulipokuwa wadogo, ubani wa kutafuna tuliuita bazoka, na hakuna aliyejua neno lilitoka wapi. Sasa najua: Bazooka ulikuwa ubani wa Topps hawahawa. Nikaona kama nimekutana na ndugu ughaibuni. Nikafungua pakiti, nikautia ubani mdomoni.

Haukutafunika. Ulivunjika kama kigae, vipande vikaenda pande zote, kimoja kikalikuta jino langu. Kilichobaki kikageuka unga, na ule unga ukakauka kooni kama chaki ya mwalimu. Ladha ilikuwepo kwa nusu dakika hivi: sabuni ya mche, halafu kadibodi. Mke wangu alinikuta nimeinamia sinki.

“Baba watoto, umekula nini?”

“Bazoka.”

“Ya lini?”

Swali lile lile. Wanawake na madaktari wana akili moja.

Baada ya kutengenezewa jino (kwa gharama ambayo ingenunua maboksi mengine manane, lakini tuyaache hayo) nikaanza kusoma. Nikajifunza kwamba kuna matapeli ambao huilegeza nta kwa moto wa pasi, wakafungua pakiti bila kuichana, wakatoa kadi ya nyota, wakatia ya mtu asiyejulikana na kuifunga tena. Mnunuzi haoni tofauti. Mtu mwingine angesoma hivyo akajifunza kuwa mwangalifu. Mimi nikajifunza kuwa inawezekana. Nilitaka tu kubakisha makaratasi yakiwa mazima, sikuwa na nia mbaya.

Ilikuwa Ijumaa. Pasi ilikuwa tayari ina moto, kwa kuwa nilikuwa nanyoosha kanzu nyeupe ya kwendea msikitini. Nikaigusisha pakiti kidogo tu. Nta ikayeyuka vizuri, mkunjo ukainuka, nikafurahi. Nikarudi kwenye kanzu. Kumbe nta ilipoyeyuka haikuwa imetoweka, ilikuwa imehamia kwenye pasi pamoja na rangi ya karatasi. Ikashuka kifuani mwa kanzu, doa la ukubwa wa sahani ya kikombe. Nilikwenda msikitini nimevaa koti la baridi. Ilikuwa Julai. Mzee aliyekaa kando yangu alinisomea dua.

Na humo ndani mlikuwa na nini? Kadi za mwaka 1987 zina fremu ya rangi ya mbao, kama kabati la fomaika la sebule za zamani, na katikati mwanamume mwenye masharubu. Boksi langu lilikuwa na kadi 612, na masharubu ambayo sikuyahesabu. Nilimpata Barry Bonds akiwa bado mwembamba. Nilimpata Barry Larkin, kijana wa hapahapa Cincinnati, ambaye mwaka 2012 aliingizwa katika jumba la mashujaa wa besiboli kule Cooperstown. Larkin wa kwanza alikuwa amelaliwa na ubani miaka yote ile, ana doa la kahawia kuanzia kofia hadi kidevu. Larkin wa pili akawa safi kabisa, kona nne kali, picha katikati. Nikaona huyu ndiye wa kupeleka kwa wale wanaopima kadi na kuzipa alama kuanzia moja hadi kumi. Nikamweka juu ya friji, mahali ambapo mwanangu wa miaka minane hafiki.

Anafika. Jumapili nikiwa barazani nikasikia mlio kama wa pikipiki ndogo unakuja barabarani. Nikaona baiskeli, nikaona kibanio cha nguo cha mama yake, nikaona fremu ya mbao inazunguka.

“Nani kakufundisha hivyo?”

Akaelekeza kidole kwa jirani. Mzee alikuwa amekaa kwenye kiti chake, machozi yanamlengalenga kwa furaha. Akanipungia mkono.

Jioni nilimpigia mama simu Tanga. Nilikuwa na kinyongo cha siku nyingi: nilipokuwa darasa la nne nilikuwa na vizibo vya soda kopo zima, nikarudi kutoka shule nikakuta vimetupwa. Nikamweleza habari za Mantle, za dola milioni 12.6, na jinsi kitu kinavyopanda thamani mama wa watu wengine wanapokitupa.

Alinisikiliza mpaka mwisho. “Kwa hiyo vile vizibo sasa ni ghali?”

“Vingekuwepo, mama.”

“Vingekuwepo visingekuwa ghali. Si umesema mwenyewe? Basi nimevipandisha bei, unanidai nini?”

Nimebakiwa na pakiti moja, sijaifungua. Mke wangu ameiweka kabatini juu ya kanzu, na amesema haitaguswa mpaka doa litoke. Kina Larkin wanne ninao hapa mezani, mmoja ana alama ya spoku. Anayemtaka aniandikie, nitampa bure, gharama za posta alipe mwenyewe. Na anayejua namna ya kutoa nta kwenye kitambaa cheupe, tafadhali asikae kimya.