Gorogoro la Bawaba

Nilikwenda Marikiti kununua bizari nyembamba na ndimu. Nalisema mapema kwa sababu mke wangu mpaka leo anaamini nilitoka nyumbani kwa kusudi la kwenda kununua takataka.

Nje ya soko, upande wa Barabara ya Digo, pale ambapo ukikwepa mkokoteni unakanyaga nyanya, na ukikwepa nyanya unamkanyaga muuza nyanya, kijana mmoja alikuwa ametandaza gunia. Juu yake palikuwa na chaja bila simu, wanasesere bila vichwa, na mlima wa matofali ya plastiki ya kuchezea watoto. Mitumba. Na alikuwa akiyapima kwa gorogoro, mkebe uleule ambao hatua kumi kutoka hapo ulikuwa ukipima mbaazi.

"Huuzi moja moja?" nikamuuliza.

"Mzee, wewe mchele wanunua punje?"

Sikuwa na jibu. Akaujaza mkebe mpaka ukawa na kilele. Mimi nimelelewa na mama aliyenifundisha kwamba mkebe usiotikiswa ni mkebe wa dhuluma, kwa hiyo nikamwambia atikise. Akatikisa. Kunde ukizitikisa hushuka, ukaongezwa. Matofali hayashuki. Yalikumbatiana yakabaki vilevile, na watu watatu waliokuwa wamesimama kuangalia wakanihurumia. Nikalipa, nikaondoka, na ndimu nikazisahau.

Yale matofali alikuwa akiyataka mpwa wangu, aliyekuja kwetu Mji wa Kale likizo. Ana miaka kumi na mmoja, umri wa kujua kila kitu. Tulipoyamwaga mkekani akaanza kuchambua kama bibi anayechambua mchele, na kabla ya alasiri alikuwa na chungu mbili ndogo pembeni.

"Mjomba, ndoo uone. Hizi zote ni bawaba. Hizi za kizamani, hizi za kisasa."

Nilidhani bawaba ni bawaba. Nimekaa maisha yangu yote katika nyumba yenye milango kumi na mbili na sijawahi kuulizwa ni ya kizamani au ya kisasa. Huulizwa tu nitaitia mafuta lini. Lakini nikavaa miwani. Ile ya kizamani ni vibao viwili vyembamba, kimoja kina vidole viwili na kingine vitatu, ukivisukuma pamoja vinaingiliana kama mtu aliyefumbata mikono akisubiri kuitwa kwa daktari. Kinachovishikilia ni msuguano tu. Huzunguka popote, na husimama popote, alimradi bado vina nguvu. Ile ya kisasa ni nene kidogo. Upande mmoja una kidole kimoja, wa pili viwili, na ndani yake mna meno madogo ambayo huyaoni sawasawa mpaka ukipeleke kipande dirishani. Ukiizungusha inalia: ta, ta, ta. Kila *ta* ni nyuzi 22.5. Ukienda duara zima umesikia *ta* kumi na sita. Na ukitaka kusimama katikati ya *ta* mbili, haikubali. Inakurudisha, kwa adabu, lakini inakurudisha.

Vidole havikubaliani na meno. Nilijaribu kuiingiza ya zamani ndani ya mpya kwa nguvu zangu zote, mpaka mpwa wangu akaninyang'anya. Hili lilinishangaza, maana sifa kubwa ya michezo hii ni kupatana. Tofali la LEGO lililotengenezwa mwaka 1958, mwaka walipoomba hataza ya namna ya kulishikanisha, hukubali kukaa juu ya tofali lililotoka kiwandani juzi. Kutoka kinundu hadi kinundu ni milimita 8, tangu siku zile hadi leo. Gorogoro langu lilikuwa mchanganyiko wa kila ukoo, nembo nyingine zimefutika, na bado matofali yenyewe yalishikana. Bawaba ndizo zilizosusiana, za miaka ya themanini kwa huku na za miaka ya elfu mbili kwa huku, kama mawifi.

Basi nikayaosha. Nikayatia katika beseni na sabuni ya unga, na bawaba nikazianika peke yake kwenye uteo, juu ya paa la saruji. Mtu wa Mombasa anayesoma hapa ameshajua kilichotokea. Kunguru wa kisiwa hiki huiba sabuni, huiba kijiko, huiba samaki kwenye kikaango moto ungali unawaka. Alitua, akaiangalia safu nzima kama mwanamke aliye Biashara Street akichagua leso, akakiacha kila kilichokuwa kimechakaa, akachukua kimoja cha manjano, cha kidole kimoja, cha kisasa. Nilimrushia ndara. Ndara ikaangukia kwa jirani. Kunguru akaenda zake upande wa Ngomeni.

Mpwa wangu aliposikia hakulia. Alinihesabia tu. Za kisasa zilikuwa jozi nne. Sasa zilikuwa jozi tatu na mjane.

Mradi wake ulikuwa ni Ngome yenyewe, Fort Jesus, na kama hujawahi kuijenga kwa matofali ya mraba, usijaribu. Mtaliano aliyeichora kwa ajili ya Wareno, Giovanni Battista Cairati, ambaye ujenzi wa mchoro wake ulianza mwaka 1593, hakuwafikiria watoto hata kidogo. Kila pembe ina buruji iliyochongoka, na kuta zimekatwa mshazari ili askari wa buruji hii aweze kumpiga anayeparamia ukuta wa buruji ile. Kwa vita ni akili kubwa. Kwa matofali ambayo hayajui pembe nyingine ila mraba, ni balaa. Hapo ndipo bawaba zinapotakiwa.

Tukaanza na za kisasa, maana mimi nilikuwa nimeshazipenda. Mtu wa umri wangu hupenda kitu kinachokaa pale kilipowekwa. *Ta* moja, ukuta ukaenda nje kidogo mno. *Ta* mbili, ukaenda mno. Na ncha yake, kila tulipoigeuza, ilikuja kutua katikati ya vinundu viwili, haikai hapa haikai pale. Tukajaribu za kizamani. Zilikubali pembe yoyote tuliyotaka, kisha nikapiga chafya na buruji nzima ikageukia Likoni.

Nikaleta gundi. Ile ya tone moja, isiyosamehe. Nikatia kwenye bawaba, ikashika barabara, pamoja na kidole changu cha shahada. Nilikaa na ukuta wa Ngome kidoleni kwa dakika ishirini, mke wangu akitafuta mafuta ya nazi na kuuliza, kwa sauti ya upole kuliko kawaida yake, ziko wapi ndimu. Bawaba ile sasa si bawaba tena. Haigeuki.

Aliyetuokoa ni jirani, seremala mstaafu, aliyepanda juu kurudisha ndara. Alitazama kazi yetu kwa kimya cha fundi anayetazama kazi ya asiye fundi. Kisha akauliza, "Uzi munao?" Akakaa chini. Akahesabu vinundu vinane sawa na ukuta mkubwa, akahesabu sita kwenda nje kwa mraba, akampa mpwa wangu ukuta wa vinundu kumi ulale mshazari. Ukatua. Juu ya kinundu kabisa, huku na huku, *kap*. Ni hesabu ileile ambayo waashi hunyooshea pembe za nyumba kwa kamba: tatu, nne, tano, hapa imezidishwa mara mbili tu. Pembe yake ni karibu nyuzi 37. Na ndiyo maana za kisasa zilitushinda: zinaruka kutoka 22.5 hadi 45, na 37 imo humo humo katikati zinamokatazwa kusimama.

"Hii yenu yalegea," akasema, akiitikisa ile ya kizamani. "Lakini yalegea kitu gani, na hali imefungwa ncha mbili?"

Nililifikiria lile neno usiku kucha. Mlango wetu wa mbele hauna hata bawaba ya chuma. Ni ule wa mbao mbili wa kuchongwa, na kila ubao umeachiwa ncha ya mti juu na chini inayozunguka ndani ya tundu la kizingiti. Huenda popote, hausimami popote. Ukiufungua, upepo wa kusi unaufunga, kwa hiyo tangu enzi za babu kuna jiwe la kuuzuia, na kwenye jiwe lile nimejikwaa mara nyingi kuliko nilivyopita mlangoni. Mlango wa jikoni una bawaba za chuma nilizozinunua mwenyewe kwa sifa nyingi, na chumvi ya bahari imezila, ukafa umefunguka nusu. Hata hivyo nadhani bado nazipenda zinazolia *ta*. Sioni haya.

Na zilihitajika. Ngome ilipokwisha, mpwa wangu alitaka jahazi mbele yake, na foromali yake isimame mshazari hewani, haijafungwa ncha mbili wala moja. Hapo ya kizamani haina kazi: tuliiinua, ikainama taratibu kama mzee anayesinzia hotubani. Hapo panataka meno. Foromali ilitaka jozi mbili, na nyingine mbili zilishakwenda kwenye lango na mnara wa bendera, ambavyo aliapa havibomolewi. Ilibaki jozi moja na yule mjane, kidole chake kiko kwa kunguru.

Kwa hiyo Jumamosi nilirudi Marikiti. Soko hili lilifunguliwa mwaka 1914 na ninaamini tangu siku ile halijawahi kuingia mtu mzima aliyevaa kanzu kutafuta kitu kidogo kama changu. Kijana alinikumbuka. Nikamwonyesha yule mjane wa vidole viwili, nikamweleza namtafutia mwenzake wa kidole kimoja, rangi yoyote, nitalipa bei yoyote.

Akakigeuza kiganjani kwa makini.

"Hicho kipo," akasema. "Kimo humo." Akachota gorogoro.

Tulilimwaga mkekani jioni ile, mimi, mpwa wangu na seremala. Mlikuwa na bawaba za kisasa tano, zote za vidole viwili.

Mke wangu aliinua kichwa kutoka kwenye pilau isiyo na ndimu. "Na huyo kunguru," akasema, "mumeuliza anauzaje?"