Bati Halina Kosa

Mwaka juzi nilimwahidi mke wangu kwamba hatutanunua tena kitunguu saumu sokoni. Niliahidi mbele ya mashemeji, tena kwa sauti, ndiyo maana sikuweza kurudi nyuma. Sisi tunakaa Lushoto, kwenye baridi na ukungu, ambako mboga huota hata usipozibembeleza. Nikatengeneza matuta manne nyuma ya jiko: mawili ya saumu, moja la liki, moja la vitunguu majani. Punje nikazipanda mwezi wa tano, masika ikiishia. Zilipoota vizuri nikaanza kutoa maneno ambayo mkulima mwenye akili hayatoi: eti watu wa Mbulu wajiandae kuja kuchukua mbegu kwangu.

Julai majani yakatoa vidoa vya rangi ya chungwa. Ukivigusa, vinakuachia unga kidoleni. Jirani yangu akaja, akapangusa jani, akanusa kidole, akatoa hukumu: "Mwalimu, hii ni kutu."

Mimi nimefundisha sayansi shule ya msingi miaka 26. Kutu naijua: chuma, maji na hewa. Misumari nimeitia kwenye chupa mbele ya watoto, mmoja pakavu, mmoja majini, mpaka nikaichoka. Nikainua macho. Matuta yako chini kabisa ya upenu, na bati la jiko letu ni la zamani, jekundu kuliko udongo wa barabarani. Kesi ikaishia pale pale. Mvua inaosha bati, bati linachuruzika kutu, kutu inatua kwenye saumu yangu.

Nikanunua makopo mawili ya rangi ya mafuta, nikaita fundi, bati likasuguliwa na kupakwa kijani. Gharama sitaitaja, maana mke wangu husoma ninayoandika. Wiki mbili baadaye paa lilikuwa linang'aa na saumu imezidi kuwa ya chungwa.

Nikasema, labda mimea ina njaa. Nikaipa urea. Ilipoonekana kuchangamka kidogo nikaiongeza tena. Majani yakanenepa, yakawa laini, na ile kutu ikahamia kwenye liki kama wageni waliosikia kuna pilau.

Ijumaa moja nikachelewa. Nikakatiza katikati ya matuta nikiwa na kanzu nyeupe, nikaingia msikitini, nikasimama kwenye safu. Tulipomaliza, mzee wa kulia kwangu akanitazama kuanzia magotini kushuka chini, akaniuliza kwa upole biriani ilikuwa kwa nani. Kanzu ilikuwa na mistari ya manjano kama iliyofutiwa mikono ya watoto kumi. Tunafundishwa tusiende msikitini tukinuka saumu mbichi. Habari ya kuivaa sijapata kuisikia.

Aliyenifungua macho ni bibi shamba, aliyekuja kwa jirani kuangalia kabichi akapitia kwangu kusalimia. Nikampeleka kwanza kwenye paa. Akalitazama, akasema rangi ni nzuri. Kisha akainama kwenye tuta, akacheka mpaka akashika kiuno.

"Baba, bati halina kosa. Hii kutu ni kuvu."

Kumbe jina tu ndilo limefanana. Unga ule ni mbegu za kuvu, upepo unazibeba kutoka shamba hadi shamba, nazo hupenda ubaridi na unyevu kama wa kwetu. Kuvu huyo anaishi kwenye mmea ulio hai tu, na wa ukoo wa vitunguu ndio chakula chake. Mimi nilikuwa nimempangia ukoo mzima, bega kwa bega, hewa haipiti. Na urea? Akaniuliza nimeweka mara ngapi. Nikasema mara moja. Akanyamaza, akinitazama. Nikasema mara tatu. Majani laini ya urea, alisema, ndiyo anayoyapenda zaidi. Dawa ya ukungu ningeinyunyiza mapema ingesaidia kulinda majani mazima, ila majani yaliyokwisha kuugua hayaponi. Akaniambia ning'oe kabla majani hayajakauka yote, nisiache masalia, na nisirudishe vitunguu vya aina yoyote pale kwa miaka mitatu.

Nikang'oa. Vichwa vilikuwa vidogo kama vifungo vya koti, ingawa vyenyewe ni vizima kabisa, kutu inakula majani. Mke wangu akakaa jioni nzima anamenya, punje moja moja, bila kusema neno. Ningependa zaidi angesema.

Wiki iliyofuata jirani akagonga mlango, uso umemwanguka. Saumu yake nayo imeanza vidoa. Akatazama paa langu la kijani, akatazama lake lililochakaa, akaniuliza kama ile rangi ilibaki.

Kopo lilikuwa na nusu. Nilimpunguzia bei.