Namna ya Kuunguza Transfoma Usiku wa Baridi

Umetoka Kisii au Moshi, umenunua nyumba Minnesota, ni Januari, na skrini ya themostati ukutani imezima. Hongera. Usiku huu unaweza kuigeuza hitilafu ya betri mbili kuwa gharama ya dola mia kadhaa.

Kwanza, betri usibadilishe. Wala usishuke besimenti kutazama ile swichi ubavuni mwa tanuri linalopasha nyumba joto, inayofanana kabisa na swichi ya taa, ambayo mgeni wako aliizima alipokuwa akitafuta choo. Na mlango wa tanuri uache ulivyo. Ndani yake mna kitufe cha usalama kinachokata umeme mlango usipokaa sawasawa, hasa mtu akishabadilisha chujio na kuurudisha kombo. Ukikagua hayo kazi itakwisha mapema, nawe umeshatoa bisibisi.

Sasa ibandue themostati ukutani. Umeme usizime. Utakuta nyaya nyembamba zenye herufi: R huleta umeme, W huita joto, Y huita ubaridi, G huzungusha feni, C hukamilisha njia ya kurudi. Ni volti 24 tu, kutoka kwenye transfoma iliyomo ndani ya tanuri. Na themostati yenyewe, hata hiyo inayozungumza na simu yako, kwa tanuri ni swichi tu: R ikikutana na W, moto unawaka. Fundi makini huzima breka, akazifunga R na W pamoja, akawasha. Tanuri likiwaka, mbovu ni themostati. Lisipowaka, anafuata nyaya hadi besimenti.

Wewe ziamini rangi, kana kwamba aliyezivuta nyaya zile zamani alikuwa na za kuchagua. Usipige picha kabla ya kuzichomoa. Kisha iache R iguse C.

Cheche kidogo, halafu kimya. Imekatika fyuzi ya ampea 3 au 5 kwenye bodi ya tanuri, ya aina ileile ya gari. Waoga huishia hapa. Wewe chomeka ya ampea 20 uliyoitoa kwenye Toyota yako, ujaribu tena na tena. Sasa kinachoungua ni transfoma, na utajua kwa harufu.

Hapa naweka mzaha kando. Ukifungua ukakuta nyaya nene, mbili au nne, zilizofungwa kwa vifuniko vya kusokota, hiyo ni themostati ya hita za umeme za ukutani, na mara nyingi ni volti 240. Hizo zinaua. Usiguse kitu, zima breka, mwite fundi mwenye leseni.

Wenye volti 24, tuendelee. Subiri saa sita usiku wa Jumamosi, bei ya dharura ianze, ndipo upige simu. Fundi akifika, mwambie hujagusa kitu. Atafungua tanuri, aichomoe fyuzi, asome namba iliyoandikwa mgongoni, kisha akuulize kwa upole kama redio ya gari lako bado inaimba.