Sifa za Mjuaji wa Mwezi wa Nne

Mnazi umeimbwa, jahazi limeimbwa, hata muhogo umepata malenga wake. Sijaona bado aliyemtungia sifa mtu anayekaa kwenye kochi mwishoni mwa mwezi wa nne, bakuli la bisi mapajani, akiwaelekeza matajiri wa Marekani kijana gani wamwajiri na yupi wamwache. Ni shabiki wa futiboli ya Kimarekani, usiku wa uteuzi wa wachezaji wa ligi ya NFL. Hajaulizwa, lakini anajibu. Hana cheti, hana mshahara, na mkewe alishalala. Kwa kuwa wengine wamempuuza, kazi ya kumsifu nimeichukua mimi, na nitaifanya kwa utaratibu wanaofanyiwa wakubwa: nasaba kwanza, elimu ifuate, kisha matendo, na fadhila mwishoni.

Nasaba yake ni ya heshima. Mwaka 1935 Bert Bell, mwenye timu ya Philadelphia Eagles, alichoka kuona kila kijana hodari anayetoka chuoni akikimbilia timu zilezile zenye fedha na ushindi. Akawashawishi wenzake wakubali kanuni ambayo msomaji aliyezoea dirisha la usajili la soka ataiona kichekesho: anayeshika mkia achague kwanza, bingwa asubiri hadi mwisho. Februari 1936, katika hoteli ya Ritz-Carlton mjini Philadelphia, timu 9 zikaketi na kuchagua wachezaji 81. Eagles ndio walioburuza mkia msimu ule, kwa hiyo Bell alikuwa wa kwanza kunufaika na uadilifu wake mwenyewe.

Siku hiyo hakukuwa na idara za skauti. Majina kama 90 yaliandikwa ubaoni, na sifa za wenye majina zilitoka magazetini, au kwa bwana mmoja aliyempitia kijana chuoni, au kwa mwingine aliyesikia kwa mwenzake. Yaani waliochagua walikuwa mashabiki waliovaa tai. Na chaguo la kwanza kabisa katika historia, Jay Berwanger wa Chuo Kikuu cha Chicago, hakucheza hata mechi moja ya kulipwa. Hakuelewana na timu kuhusu mshahara, akaenda zake kuuza sponji. Basi mtu akimcheka mjuaji wa leo kwa kusema kwa uhakika jambo alilolisoma gazetini, anawacheka waasisi.

Elimu yake ni fupi lakini anaitumia yote. Kijana aliyecheza chuoni miaka minne, mjuaji humsoma kwa video ya dakika tatu iliyowekewa muziki, tena nusu yake huitazama akijibu simu. Mengine huyapata Indianapolis, ambako kila mwaka vijana hupelekwa kupimwa. Wanakimbizwa yadi 40, wanarukishwa, wanapimwa urefu wa mikono na upana wa kiganja kuanzia ncha ya kidole gumba hadi ncha ya kidole cha mwisho. Kwa miaka mingi walifanyishwa pia mtihani wa akili wa maswali 50 ndani ya dakika 12. Vipimo hivyo mjuaji huvikariri hadi sehemu za sekunde. Tarehe ya kuzaliwa ya mama mkwe wake haijui.

Mwaka 2020 kiganja cha Joe Burrow, kwotabeki, yaani mrusha mpira wa timu, kilipimwa kikakutwa na inchi 9, na watu wazima wenye familia wakajadili kwa siku kadhaa iwapo mkono mdogo hivyo unaweza kushika mpira wakati wa baridi. Msimu wake wa pili Burrow aliifikisha Cincinnati Bengals kwenye Super Bowl, fainali ya ligi. Mtu wa kawaida angetahayari. Mwaka 2022 alipotokea Kenny Pickett na kiganja cha inchi 8 na nusu, mjadala ulianza upya kama vile Burrow hajazaliwa. Elimu ya namna hiyo haichakai, kwa sababu haiguswi na matokeo.

Tuje kwenye matendo, na nianze na yale ambayo maadui zake huyaficha. Mwaka 1983 New York Jets walimchagua kwotabeki Ken O'Brien, na mashabiki wao waliokuwa ukumbini wakazomea: Dan Marino alikuwa bado hajachukuliwa. Nafasi tatu baadaye Marino akaenda Miami Dolphins, na mwaka uliofuata akarusha mpira zaidi ya yadi 5,000 katika msimu mmoja, jambo ambalo hakuna aliyewahi kulifanya. Mwaka 1995 Jets walewale walimpita Warren Sapp wakamchukua Kyle Brady. Ukumbi ukazomea tena. Sapp leo yumo katika Jumba la Watukufu wa mchezo huo, na Kyle Brady hayumo. Ningekuwa na timu, ningeajiri watu wa Jets wazomee tu, nami nichague kinyume cha kile wanachokizomea.

Kisha kuna Philadelphia, 1999. Mtangazaji mmoja wa redio alisafirisha kundi la mashabiki wapatao 30 hadi New York kwa kazi maalumu: kuishinikiza Eagles imchukue Ricky Williams, mkimbiaji aliyekuwa nyota wa vyuo. Eagles wakamchagua kwotabeki Donovan McNabb. Kijana akapanda jukwaani siku aliyoiota tangu utotoni, mama na baba wakitazama, na mapokezi yake ya kwanza kutoka kwa watu wa mji wake mpya yakawa mzomeo. Mkali wa lugha ataliita jambo hilo utovu wa adabu. Mimi naliita mafunzo ya kazi. McNabb aliifikisha Eagles kwenye mechi ya ubingwa wa kanda yao ya NFC mara tano na Super Bowl mara moja, na ni nani atakayethubutu kusema si kwa sababu aliandaliwa mapema kuishi Philadelphia?

Williams naye alichukuliwa na New Orleans Saints, ambao kocha wao Mike Ditka alitoa nafasi zote za uteuzi walizobakiwa nazo mwaka ule, na nyingine za mwaka uliofuata, ili kumpata mtu mmoja. Msimu ulipokwisha Saints walikuwa wameshinda mechi 3 na kupoteza 13, na Ditka akafukuzwa. Tazama tofauti. Mashabiki 30 wa Philadelphia na Ditka walikuwa na maoni mamoja. Wale 30 walirudi nyumbani kwa basi. Ditka ndiye aliyelipia.

Hapo ndipo ukubwa wa mjuaji unapoonekana: kosa lake ni rahisi. Mwaka 2007 Oakland Raiders, kwa chaguo la kwanza la nchi nzima, walimchukua JaMarcus Russell na kumhakikishia zaidi ya dola milioni 30. Alianza mechi 25, akashinda 7, na baada ya misimu mitatu hakuna timu iliyomhitaji. Mjuaji aliyempenda Russell alipoteza nini? Usingizi kidogo, na fulana moja.

Labda utasema kwamba wataalamu, pamoja na hasara zao, hupatia zaidi. Wachumi Cade Massey na Richard Thaler, huyu wa pili akiwa mshindi wa Nobeli ya uchumi mwaka 2017, walichunguza chaguzi za miaka mingi wakauliza swali jepesi: ukimlinganisha mchezaji na yule anayemfuata kuchaguliwa katika nafasi ileile ya uwanjani, mara ngapi aliyetangulia hutokea kuwa bora? Jibu lao lilikuwa asilimia 52. Hiyo ni kurusha shilingi juu na kuiombea dua kidogo. Maskauti wanaozunguka nchi mwaka mzima, madaktari, kompyuta, mahojiano ya faragha, vyote hivyo vinanunua asilimia 2. Mjuaji anakupa 50 za kwanza bure, na bisi anajinunulia.

Ushahidi haukomei kwa wachumi. Mwaka 2000 Tom Brady, aliyekimbia yadi 40 kwa sekunde 5.28 kama mtu anayewahi daladala bila kuipenda, aliachwa hadi nafasi ya 199. Makwotabeki sita walichaguliwa kabla yake, na hata New England Patriots waliompata walichukua wengine kwanza. Alistaafu na ubingwa wa Super Bowl mara 7. Mwaka 2003 Minnesota Vikings, waliokuwa wa saba kwenye foleni, walishindwa kumaliza mazungumzo yao muda ukawaishia. Timu mbili zikawaruka, wakachagua wa tisa. Walimpata Kevin Williams, akawa mmoja wa walinzi bora wa kizazi chake. Na Brock Purdy, wa 262 na wa mwisho kabisa mwaka 2022, nafasi ambayo mwenye nayo hupewa jina la utani la Bwana Asiyehusika, aliiongoza San Francisco 49ers hadi Super Bowl ya Februari 2024.

Sasa fadhila, na ya kwanza ni ujasiri. Uamuzi ambao unahitaji misimu mitatu ili uhukumiwe, mjuaji huupa alama kabla kijana hajashuka jukwaani: A kwa hawa, C kwa wale, na wengine huwaonea huruma akawapa B. Mtakatifu wake mlinzi ni Mel Kiper, ambaye hakuwahi kucheza wala kufundisha katika ligi hiyo. Alianza kama kijana wa Baltimore anayeandika orodha zake mwenyewe, na mwaka 1984 akaingia runinga ya ESPN. Mwaka 1994 aliwakosoa Indianapolis Colts kwa kumchukua Trev Alberts, na bosi wao Bill Tobin akamshambulia hewani, akihoji huyu Kiper ni nani hasa. Alberts aliandamwa na majeraha, akacheza misimu mitatu. Tobin aliondoka Colts. Kiper aliendelea kutoa alama kwa miongo mitatu.

Fadhila ya pili ni kumbukumbu, ambayo kwake humea. Mwaka 2017 Chicago Bears walipanda nafasi moja ili kumchukua kwotabeki Mitchell Trubisky, na Patrick Mahomes, nyota wa baadaye, akawapita akaenda Kansas City. Idadi ya watu wa Chicago waliomtaka Mahomes usiku ule huongezeka kila mwaka. Ikiendelea hivi, watoto ambao hawajazaliwa nao watakuwa walionya.

Ya tatu ni tumaini. Mwaka 2017 Cleveland Browns walipoteza mechi zote 16. Mashabiki wao walijitokeza kwa maelfu kwenye baridi kali na kufanya gwaride la kuuzunguka uwanja kwa umbo la sifuri, kisha wakarudi nyumbani kujadili nani achaguliwe. Kanuni ya Bell imewapa walioshindwa zawadi ya kuanza, na mtu aliyeshindwa ndiye anayehitaji maoni kuliko wote. Bingwa ana kombe la kutazama. Mshabiki wa Browns ana orodha.

Tumaini hilo huvuka bahari. Uteuzi huanza Alhamisi saa mbili usiku kwa saa za New York, ambayo Dar es Salaam na Nairobi ni usiku wa kuamkia Ijumaa, saa tisa, wakati ambao hata mbwa wa mtaa wamekubaliana. Yuko mtu macho. Atakukumbusha kwamba mwaka 2006 New York Giants, kwa chaguo la 32, walimchukua Mathias Kiwanuka, mjukuu wa Benedicto Kiwanuka, waziri mkuu wa kwanza wa Uganda. Atakukumbusha pia Daniel Adongo, Mkenya wa raga ambaye mwaka 2013 alisajiliwa na Colts bila kuteuliwa na mtu na bila kuwahi kucheza mchezo wenyewe. Kwa mjuaji wetu huo ni ushahidi tosha kwamba mlango uko wazi, na anaye kijana mmoja mtaani ambaye nyonga zake ni laini sana.

Mwaka 2024 watu zaidi ya 775,000 walifurika Detroit kwa siku tatu ili kusikiliza majina yakisomwa. Hakuna mpira uliochezwa. Kamishna Roger Goodell alizomewa kama anavyozomewa kila mwaka, akafurahi kama anavyofurahi kila mwaka, kwa kuwa anajua nani aliyegeuza kikao cha hotelini cha watu wenye tai kuwa sikukuu ya taifa.

Wengine watataka mjuaji atunukiwe. Anayechaguliwa mwisho hupewa kombe lenye sanamu ya mchezaji akiponyokwa na mpira, basi na huyu apewe lake. Sina pingamizi. Ila asipewe kura, wala kiti chumbani, wala namba ya simu ya meneja. Siku atakayopewa madaraka atanunua saa ya ghali, ataanza kusema kwamba ni lazima tuwe na subira, atapatia asilimia 52, na mwaka wa tatu atafukuzwa. Kochini atabaki nani wa kumzomea?