Kiharusi cha Kuazima

Ukitaka kujua nyumba yenu ina washauri wangapi, tangaza kwamba umeitwa kwenye usaili. Mimi wala sikutangaza. Nilisoma tu ujumbe wa simu kwa sauti, ule unaosema njoo na vyeti halisi, nakala zenye muhuri wa mwanasheria, na leseni hai ya Baraza la Uuguzi na Ukunga. Kabla sijafika mwisho, Mama Mdogo alishaamua gauni, binamu yangu alishapanga mshahara wa kutaja pamoja na ule wa kushukia wakinuna, na Mjomba alishaniuliza kazi yenyewe ni ipi.

Kazi yenyewe ni uuguzi wa utengamao kwa wagonjwa wa kiharusi, katika hospitali moja binafsi hapa Dar es Salaam. Kwa lugha ya Mjomba, ni kumrudisha mtu aliyepooza kwenye kula, kuvaa, kuoga na kutembea kwake. Mimi natoka chumba cha upasuaji. Huko wagonjwa wamelala usingizi wa dawa, hawabishi, na kazi huisha kwa kushona. Kwenye utengamao mgonjwa yuko macho, ana hasira, ana ndugu, na ushindi wa wiki nzima unaweza kuwa kifungo kimoja cha shati. Nikaona nirudi kwenye madaftari.

Nilianza na vipimo, kwa kuwa wasaili wanapenda vitu vyenye namba. Kipimo cha Barthel, kilichochapishwa Marekani mwaka 1965, kina vipengele 10 vya maisha ya kila siku na jumla ya alama 100. Kwa kuwa vitatu kati ya hivyo vinahusu haja, nilikibandika kwenye mlango wa choo. Kipimo cha Glasgow cha kupimia fahamu, cha mwaka 1974, nikakibandika kwenye friji. Kulipokucha nikakuta Mjomba ameshajipima kwa kalamu nyekundu. Amejipa 85. Alama 10 za kupanda ngazi amejinyima kwa sababu nyumba yetu haina ngazi, na kwenye mkojo ameandika 5 badala ya 10, pembeni akaongeza: "Usiulize." Cha Glasgow kilimkera. Alama ya chini kabisa ni 3, hata kwa asiyefumbua macho, asiyetoa sauti wala kutikisika.

"Yaani maiti naye anapata 3?"

"Ndiyo, Mjomba."

"Enzi zetu aliyesinzia darasani alipata sifuri, na fimbo juu."

Namba zikaingia kichwani, ikabaki mikono. Kumhamisha mgonjwa kutoka kitandani hadi kwenye kiti ni jambo la kufanya, kusoma hakutoshi. Kiti kiwe upande wake mzima, breki zifungwe, vikanyagio viinuliwe, mgonjwa ainame mbele, magoti yake uyazuie kwa magoti yako. Na mkono uliopooza usiuvute kamwe, maana bega lisilo na misuli ya kulishikilia huteguka kirahisi. Nilihitaji mgonjwa. Mjomba, mstaafu wa bandari mwenye kilo za kutosha, akakubali kwa sharti la mishkaki.

Nikampa kiharusi cha upande wa kushoto wa ubongo, ambacho hupoozesha upande wa kulia wa mwili na mara nyingi huondoka na maneno. Nikamsimulia yule mgonjwa wa daktari Paul Broca, kule Paris mwaka 1861, aliyekuwa akielewa watu ilhali kinywani mwake limebaki "tan" tu. Mjomba akafikiri kidogo, akasema naye anachagua lake: "chai".

Kiti cha magurudumu hatuna. Tuliazima kiti cha ofisi cha fundi simu, ambacho magurudumu kinayo ila breki hakina. Nikamfunga Mjomba kanga kiunoni iwe mkanda wa kumshikia, nikahesabu moja, mbili, tatu, naye akainuka vizuri kabisa, na kiti kikaondoka. Kilikatiza sebule nzima kikaenda kugonga kabati la vyombo. Sisi tulifikia sakafuni, Mjomba juu ya mkeka, mimi juu ya Mjomba, kanga ingali imefungwa kitaalamu. Ndipo jirani wa mlango wa pili alipochungulia kuazima kinu.

"Jamani! Mzee ana nini?"

Mjomba hajawahi kukosa nidhamu ya kazi. "Chai," akamjibu.

Jirani alipiga yowe moja tu, lakini Tandika nyumba zimebanana. Nilipomaliza kumketisha Mjomba kwenye kochi, mlangoni kulishakuwa na viatu vingi kuliko siku ya maulidi. Nilieleza. Nani asikilize? Kila niliposema "ni mazoezi tu" walinitazama kwa huruma, wakanong'onezana kwamba maskini, na unesi wake wote, amechanganyikiwa. Mmoja akasema ni upepo mbaya. Mwingine akasema mzee amefanyiwa, na jina la mshukiwa alikuwa nalo. Aliyeuliza habari za presha, ambayo ndiyo mchokozi mkuu wa kiharusi, alikuwa kijana mmoja wa bodaboda, naye akaambiwa anyamaze mbele ya wakubwa. Wala hakuna aliyesema mgonjwa akimbizwe hospitali, ilhali kiharusi cha kweli kinadaiwa kwa dakika. Mama mmoja alitoa kichupa cha mafuta ya habasoda, akaanza kumvuta Mjomba mkono wa kulia ili "ufunguke", nami nikajikuta napiga kelele: "Msimvute, bega litateguka!" Hapo hata wachache walioanza kuniamini wakaacha.

Kisha ukaja uji. Watu wetu husema mgonjwa haulizwi uji, na kwa malaria neno hilo halina ubaya. Mgonjwa wa kiharusi anaulizwa kwanza, tena kwa mtihani. Anaketishwa wima, anapewa kijiko cha maji, unamsikiliza: anakohoa? Sauti imekuwa ya majimaji? Akishindwa, mdomoni hakiingii kitu mpaka apimwe vizuri, maana uji uliopotea njia huishia mapafuni na kuleta nimonia. Haya yote niliyaeleza nikiwa nimesimama kati ya bakuli na Mjomba.

"Chai," alisema Mjomba nyuma yangu.

Wakamletea na chai. Aliinywa bila kukohoa, akaisindikiza na vitumbua.

Tangu hapo hakugusa kitu kwa mkono wake. Huyu alimfuta jasho, yule alimshikia kikombe, mwingine alimnyanyua mguu amwekee mto, na kila aliyeaga aliacha noti ya pole chini ya kitambaa cha kochi. Tulipobaki wenyewe nikamwambia, "Mjomba, inuka, tumemaliza." Akanitazama kwa unyonge. "Chai," akasema. Binamu yangu, ambaye kumbe alisoma karatasi zangu zote, akaweka kengele ya kumgeuza kila baada ya saa mbili ili asipate vidonda vya kulala. Usiku ule Mjomba aligeuzwa mpaka akatubu. Lakini asubuhi walikuja wageni wapya wenye noti mpya, na ugonjwa ukamrudia.

Nilicheka, halafu nikaacha. Mzee mzima wa afya alikuwa amesahaulishwa mikono na miguu kwa siku moja ya kupendwa. Je, aliyepooza kweli? Ubongo ulioumia hujifunza upya kwa kurudiarudia, na mkono usiotumika huzidi kusahaulika. Kwetu, ndugu kumwachia mgonjwa ahangaike na kijiko mwenyewe ni kama kumtelekeza, majirani watasema. Basi anapewa mikono yote ya ukoo, anapoteza wake.

Aliyemponya Mjomba hakuwa mimi. Wazee wenzake wa kijiweni walikuja na bao, wakalitega mbele yake, wakamruhusu acheze kwa mkono wa kushoto. Mmoja wao, anayeamini kuwa mtu asiye na maneno hana na macho, aligawa kete zake akapenyeza mbili zisizo haki yake. Mkono wa kulia wa Mjomba, uliopooza tangu jana, ukaruka ukamdaka kifundo.

"Rudisha!"

Sebule ililipuka. Waliosema Allahu Akbar walisema, waliosema haleluya walisema, na mama wa habasoda akasimama kudai ushindi. Hadi leo mafuta yake yamepanda bei. Noti za pole zilirudishwa kwa wenyewe, isipokuwa zile ambazo Mjomba alizihesabu kuwa gharama za mazoezi.

Usiku nililitazama lile bao kwa macho mengine. Lina mashimo 32 na kete 64. Kete huokotwa kwa ncha za vidole, hugawiwa moja moja, shimo kwa shimo, kwenda na kurudi. Ndilo zoezi la vidole ambalo wataalamu wa tiba kwa vitendo hulitafutia vigingi na vibao. Yupo pia mgonjwa ambaye ubongo wake umeusahau upande wa kushoto, anayekula nusu ya sahani na kudai ameshamaliza. Huyo bao litamkumbusha, kwa sababu mpinzani atamla hukohuko asikotazama. Na uzuri wake mkubwa ni kwamba ndugu hawawezi kumsaidia. Mtazamaji wa bao anaruhusiwa kupiga domo kutwa nzima, lakini akigusa kete ya mwenzie atafukuzwa kibarazani.

Siku ya usaili nilipanda daladala nikijikariria kanuni ya ngazi: kupanda, mguu mzima utangulie, kushuka, utangulie ule dhaifu. Nilikuwa nimesimama mlangoni naamua wangu dhaifu ni upi. "Dada, mguu wowote tu," konda akasema, "twende!"

Jopo lilikuwa la watu watatu: daktari, mtaalamu wa fiziotherapia na afisa utumishi. Hawakuniuliza Barthel. Hawakuniuliza Glasgow. Waliniuliza, "Ndugu wanamlisha mgonjwa anayeweza kula mwenyewe, na ukiwaambia waache wanaona huna utu. Utafanyaje?"

Niliwaambia sitawafukuza, nitawapa kazi. Mmoja ashike sahani isiteleze, mwingine ahesabu vijiko na kushangilia, na kijiko kibaki mkononi mwa mwenyewe hata kama nusu ya wali itaishia kifuani. Mchana, nikasema, ningewaomba walete bao. Nikaeleza vidole, nikaeleza upande uliosahaulika, nikaeleza domo. Mtaalamu wa fiziotherapia akasogeza kiti mbele. Daktari akauliza kama mgonjwa anaruhusiwa kumfunga daktari. Afisa utumishi akavua miwani.

"Hilo bao litaingia kwenye bajeti ya vifaa tiba au ya michezo?"

Wakabishana wao kwa wao, mimi nikanywa maji yangu, kijiko kwa kijiko ningekuwa nacho. Mwishowe akanigeukia tena. "Na kete zikipotea wodini, nani atawajibika?"

Nikamwambia nimetoka chumba cha upasuaji, ambako mgonjwa hashonwi mpaka kila mkasi na kila kipande cha gozi kimehesabiwa na kutimia. Kete 64 hazinipi shida.

Katika usaili mzima, hilo ndilo jibu pekee ambalo wote watatu waliliandika.